Maumivu ya neva ya siatiki: soma njia yake kwanza, ndipo utafute chanzo

Maumivu yanaanzia takoni, yanashuka nyuma ya paja, yanapita kigimbini na kuishia kwenye vidole vya mguu. Wengi hukimbilia kukanda kigimbi, kupaka dawa ya kuchua na kufunga paja kwa bendeji, na wiki zinakatika bila nafuu. Hawapati nafuu kwa sababu mguu unalia kwa niaba ya sehemu nyingine. Kwa wagonjwa walio wengi palipoumia ni kiunoni, pale mzizi wa neva unapotoka kwenye uti wa mgongo, na mguu wenyewe hauna jeraha lolote.

Siatika, yaani maumivu haya yanayofuata njia ya neva ya siatiki, ni jina la dalili, kama ilivyo homa. Ukiambiwa "una siatika", una haki ya kuuliza: imeletwa na nini? Jibu mara nyingi linaanza kuonekana kabla ya kipimo chochote cha mashine, ukijua namna ya kuyasoma maumivu yenyewe.

Dalili zisizosubiri

Tunazitanguliza kwa sababu anayezihitaji huenda asifike mwisho wa ukurasa. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukiona lolote kati ya haya pamoja na maumivu ya mgongo au mguu:

- Ganzi katika sehemu zinazogusa kiti cha baiskeli: msamba, kuzunguka njia ya haja kubwa, sehemu za siri, upande wa ndani wa mapaja. Wengi huigundua chooni, wanapojisafisha na kuona hawahisi kama kawaida.
- Mkojo unagoma kutoka ilhali kibofu kimejaa, au unatoka bila wewe kujua, au choo kinaponyoka.
- Miguu yote miwili inauma, inakufa ganzi au inalegea.
- Udhaifu unaoongezeka saa kwa saa au siku kwa siku, mfano wayo umeanza kuburuta.

Kinachohofiwa hapa ni kubanwa kwa fungu la mizizi ya neva linaloning'inia chini ya mahali ugwe wa mgongo (kamba kuu ya neva iliyo ndani ya uti) unapokomea, fungu ambalo madaktari hulifananisha na mkia wa farasi. Mizizi hiyo ndiyo inayoongoza kibofu, utumbo mpana na sehemu za uzazi. Ikibanwa, inahitaji kufunguliwa kwa upasuaji mapema iwezekanavyo. Saa 48 ndizo zinazotajwa mara nyingi, lakini kila saa inayookolewa ina maana. Aliyechelewa anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Usione aibu kumtajia daktari habari za choo na za sehemu za siri. Asipoziuliza, zitaje wewe.

Kuna kundi la pili, la kumwona daktari ndani ya siku moja au mbili: homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, kinga dhaifu ya mwili, matumizi ya steroidi kwa muda mrefu, kuanguka au kupata ajali, na maumivu ya usiku yasiyopoa hata ujigeuze vipi. Nyuma ya dalili hizi kunaweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, jipu, uvimbe au pingili iliyovunjika, na hakuna zoezi linalotibu kimojawapo.

Neva yenyewe

Neva ya siatiki ni nene kuliko zote mwilini, karibu na unene wa kidole gumba pale inapoanzia. Huundwa na mizizi mitano: miwili ya kiunoni, L4 na L5, na mitatu ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, S1, S2 na S3. Mizizi hiyo inaungana ndani ya nyonga, inatokea takoni chini ya msuli uitwao pirifomisi, inashuka nyuma ya paja, na juu kidogo ya goti inagawanyika mara mbili. Tawi moja huenda kigimbini na unyayoni, jingine huzunguka upande wa nje wa goti kuelekea mbele ya mguu. Popote katika safari hiyo neva inaweza kubanwa, kuvutwa au kuwashwa na uvimbe, na ubongo utasikia maumivu kama yanatoka kule neva inakoishia.

Hatua ya 1: chora njia ya maumivu

Chukua karatasi, chora mguu kwa mbele na kwa nyuma, pamoja na kiuno. Tumia alama tatu tofauti: moja kwa maumivu, moja kwa ganzi, moja kwa kuchomachoma kama sindano. Fanya hivyo jioni, siku tatu mfululizo, maana mchoro wa siku moja hudanganya.

Ili kuipata ganzi, nyofoa kipande cha pamba, fumba macho, mwombe mtu akipitishe polepole mahali pamoja kwenye mguu usiouma kisha mahali pale pale kwenye mguu unaouma. Swali si "unahisi?" bali "je, kunafanana?" Ganzi ndogo hujulikana kwa kulinganisha tu. Pimeni kwenye utando wa ngozi ulio kati ya kidole gumba na kidole cha pili, kwenye ukingo wa nje wa wayo, na ndani ya ugoko.

Sasa soma mchoro:

- L4: mbele ya paja, goti, kisha upande wa ndani wa ugoko.
- L5: upande wa nje wa mguu, juu ya wayo, hadi kidole gumba.
- S1: nyuma ya paja, kigimbi, kisigino, ukingo wa nje wa wayo hadi kidole kidogo, na unyayo.

Ramani za watu hutofautiana kidogo, na maumivu hutangatanga kuliko ganzi. Kwa hiyo vikipingana, iamini ganzi, hasa iliyo chini ya goti. Na kama maumivu hayavuki goti kabisa, yanauma kwa uzito usio na mpaka na hakuna ganzi wala kuchomachoma, huenda si neva iliyobanwa. Viungo vidogo vya mgongo, kiungo cha sakramu na nyonga, na misuli ya tako vyote vinaweza kupeleka maumivu pajani.

Hatua ya 2: pima nguvu

Shika ukuta usije ukaanguka. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu: wayo unaoshuka unaonyesha udhaifu wa L5, au L4. Kisha simama kwa mguu mmoja na unyanyue kisigino mara kumi, halafu mguu wa pili. Anayenyanyua kumi upande mmoja na kuishiwa nguvu baada ya tatu upande mwingine ana dalili ya S1, hata kama hakuwa ameona tofauti yoyote akitembea. Mwisho, kaa, inua kidole gumba cha mguu juu, na ukikandamize chini kwa kidole cha mkono huku mguu ukishindana nacho. Kikishuka kwa urahisi kuliko mwenzake, hiyo ni L5.

Tofautisha kulegea na kuogopa maumivu. Msuli unaoachia kwa sababu ya maumivu hushika kwanza kisha huachia ghafla. Msuli dhaifu haushiki tangu mwanzo. Ukigundua udhaifu wa kweli, usimalizie mwongozo huu nyumbani. Muone daktari wiki hiyo hiyo, na kama unaongezeka, rudi kwenye orodha ya dharura hapo juu.

Hatua ya 3: inua mguu ulionyooka

Lala chali. Msaidizi ashike kisigino chako, goti lako likiwa limenyooka, ainue mguu polepole bila wewe kumsaidia. Kinachotafutwa ni maumivu yako yale yale, yakishuka kwenye mguu, mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70 kutoka kitandani. Mvuto nyuma ya paja peke yake hauhesabiki. Huo ni msuli, na karibu kila mtu anao. Maumivu yakitokea, ashushe mguu kidogo hadi yapoe, kisha akunje wayo kuelekea kwenye ugoko. Yakirudi, neva ndiyo iliyovutwa, kwa sababu kukunja wayo hakurefushi misuli ya nyuma ya paja.

Inueni pia mguu usiouma. Ukiinuliwa huo na maumivu yakapiga kwenye mguu mgonjwa, uwezekano wa diski iliyochomoza (mto ulio kati ya pingili, tutaueleza katika hatua ya 5) ni mkubwa sana. Zoezi hili lisipoleta kitu, usihitimishe kwamba hakuna tatizo: kwa mtu mzima mwenye mfereji wa uti (njia ya neva ndani ya mgongo) uliopungua upana, mara nyingi jibu lake ni la kawaida.

Hatua ya 4: ni mkao gani unauma, ni upi unaopoza?

Hili ndilo swali linalotenganisha vyanzo kuliko yote, nalo halihitaji chochote isipokuwa uangalifu.

Kukaa, kuinama, kukohoa, kupiga chafya na kujikamua chooni vikizidisha maumivu, na kusimama au kutembea taratibu kukiyapunguza, mshukiwa wa kwanza ni diski.

Kusimama na kutembea vikileta maumivu, uzito au ganzi, na kuinama mbele au kukaa kukiyaondoa kwa dakika chache, fikiria mfereji mwembamba. Mtu huyu hutembea umbali mfupi tu kwa mwendo wa kawaida, lakini akisukuma kitoroli au akiendesha baiskeli anakwenda mbali. Hapa ipo hatari ya kuchanganya na mishipa ya damu iliyoziba, ambayo nayo huumiza vigimbi katika kutembea. Tofauti yake ni hii: maumivu ya damu hupoa kwa kusimama tu, bila kuinama wala kukaa, na mara nyingi wayo ni wa baridi na mapigo yake ni hafifu.

Maumivu yaliyokaa katikati ya tako, yanayozidi ukikaa kwenye kiti kigumu, huku mgongo wenyewe ukiwa haulalamiki, yanaelekeza kwenye msuli wa pirifomisi au jirani zake.

Hatua ya 5: vyanzo

*Diski iliyochomoza* inaongoza kwa mbali. Diski ni mto ulio kati ya pingili mbili: nje tabaka ngumu zilizosukwa, ndani kiini laini kama jeli. Tabaka zikichanika, kiini hupenya na kugusa mzizi ulio karibu. Hutokea zaidi kwa wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na karibu zote ni diski mbili za chini, L4/L5 na L5/S1, kwa kuwa ndizo zinazobeba uzito mwingi na kujikunja zaidi. Kwa kawaida diski ya L4/L5 huubana mzizi wa L5, na ya L5/S1 huubana wa S1. Ndiyo maana mchoro wako wa hatua ya kwanza una thamani. Uhusiano huu kati ya diski na siatika ulikubalika katika tiba baada ya William Mixter na Joseph Barr, madaktari wa Boston, kuuchapisha mwaka 1934.

Zamani ilidhaniwa ni suala la mgandamizo tu. Sasa inajulikana kwamba kiini cha diski pia hutoa kemikali zinazouchoma mzizi na kuuvimbisha. Hii inaeleza kwa nini diski ndogo inaweza kuumiza vikali na kubwa isiumize, na kwa nini maumivu hupungua hata kabla diski haijabadilika umbo. Isitoshe, mwili hukila kipande kilichotoka, na vipande vikubwa vilivyojitenga mara nyingi ndivyo vinavyosinyaa zaidi. Hakuna mtu anayeweza "kuirudisha diski mahali pake" kwa kuivuta au kuikanyaga. Anayeahidi hivyo anaweza kukuongezea madhara.

*Mfereji mwembamba* ni wa umri mkubwa, kwa kawaida baada ya miaka 50: mifupa inaota vijino, kano zinanenepa, nafasi ya neva inapungua.

*Pingili iliyoteleza* ina sura mbili. Kwa vijana, hasa wachezaji wa michezo ya kujipinda nyuma, ni ufa katika upinde wa pingili, mara nyingi L5 ikiteleza juu ya S1. Kwa watu wazima, wanawake zaidi, ni kuchakaa kwa viungo, na mara nyingi L4 juu ya L5.

*Msuli wa pirifomisi* hutajwa kuliko unavyostahili. Upo kweli, lakini hukubaliwa baada ya mgongo kuchunguzwa na kuonekana hauna hatia. Ukishuku ni huo, anza na jambo jepesi: toa pochi kwenye mfuko wa nyuma.

*Sindano ya takoni* iliyochomwa vibaya inaweza kuijeruhi neva moja kwa moja. Dalili yake haifichiki: maumivu kama shoti ya umeme hadi mguuni sindano ingali ndani, na wayo kulegea baadaye. Watoto na watu wembamba wako hatarini zaidi kwa kuwa nyama ni kidogo. Sindano ya takoni ichomwe robo ya juu ya upande wa nje, na paja la nje ni salama zaidi kwa mtoto mchanga. Ukihisi umeme huo, sema papo hapo ili sindano itolewe.

Wajawazito huumwa nyonga na tako mara nyingi, lakini kwa wengi ni viungo vya nyonga vilivyolegea, siyo neva iliyobanwa. Kuna pia vinavyoiga siatika: kiungo cha nyonga kilichochakaa (maumivu ya kinena, taabu ya kuvaa soksi), neva zilizoharibiwa na kisukari (nyayo zote mbili kwa pamoja), na mkanda wa jeshi, unaoweza kuuma siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea. Tazama ngozi kila siku.

Hatua ya 6: wiki sita za kwanza

Kama hakuna dalili ya hatari wala udhaifu, siatika nyingi za diski hupungua ndani ya wiki 4 hadi 6, nyingine hufika wiki 12. Kazi yako ni kuipa neva nafasi ya kupoa bila kuuacha mwili ulegee.

Usilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Tembea dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku, ukiongeza kidogo kila siku mbili. Ukikaa, inuka kila baada ya nusu saa. Usiku, lala ubavu na mto kati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti.

Kwa anayeumizwa na kukaa na kuinama, jaribu kulala kifudifudi dakika mbili, kisha uegemee viwiko dakika mbili, kisha usukume kifua juu kwa mikono mara kumi, kiuno kikiwa kimelegea chini. Fuatilia maumivu yanaelekea wapi. Yakihama kutoka wayoni kuja pajani, kisha takoni, hiyo ni habari njema hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda. Endelea kila baada ya saa chache. Yakishuka chini zaidi, acha. Mwenye mfereji mwembamba afanye kinyume chake: alale chali na kuvuta magoti kifuani, kwani kujipinda nyuma humbana.

Kosa tunaloliona likirudisha watu nyuma ni kujinyoosha kwa kugusa vidole vya miguu. Mtu anahisi mvuto nyuma ya paja, anadhani msuli umekaza, anaunyoosha kwa bidii. Kumbe anavuta neva iliyovimba. Badala yake, itelezeshe: kaa kwenye kiti, nyoosha goti huku ukitazama juu, kisha likunje huku ukiinamisha kidevu. Mara kumi, polepole, bila kufika kwenye maumivu. Ncha moja inavutwa, nyingine inaachiwa, neva inasogea bila kukazwa.

Dawa

Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, isizidi mara tatu kwa siku, kwa siku tano hadi saba, huwasaidia baadhi ya watu wazima. Haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, wala mjamzito asiyeshauriwa na daktari. Parasetamoli ni dhaifu kwa maumivu ya neva. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24.

Pregabalini na gabapentini huandikwa sana kwa sababu jina la "dawa ya neva" linavutia, lakini mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliorekebishwa mwaka 2020 unashauri zisianzishwe kwa siatika, na vivyo hivyo vidonge vya steroidi. Anayezitumia tayari asizikatishe ghafla. Apunguze kwa usimamizi wa daktari. Sindano za vitamini B husaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo. Haziwezi kuondoa mgandamizo.

Picha, sindano ya mgongo na upasuaji

Eksirei haionyeshi diski wala neva. MRI, kipimo cha picha za sumaku, huonyesha, lakini inafaa ukiwa na dalili za hatari, au wiki sita zimepita bila nafuu na mnafikiria sindano au upasuaji. Kuiwahi kuna ubaya wake: miongoni mwa watu wasioumwa mgongo kabisa, diski zilizovimba hukutwa kwa asilimia 30 hivi ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Ripoti ikisema diski imechomoza, itandaze kando ya mchoro wako. Ikitaja L4/L5 upande wa kushoto na wewe unauma kushoto, ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, zinakubaliana. Ikitaja kushoto na mguu unaouma ni wa kulia, umepata picha ya kitu kisichohusika, na usikubali kupasuliwa kwa ajili yake.

Sindano ya steroidi karibu na mizizi hutoa nafuu ya wastani, ya wiki au miezi michache. Upasuaji wa kutoa kipande cha diski huondoa maumivu ya mguu haraka zaidi kuliko kusubiri, lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa mapema na walioanza kwa kusubiri walikuwa karibu sawa. Kwa hiyo, pasipo dharura wala udhaifu unaozidi, uamuzi hutegemea maumivu yako yanavumilika kiasi gani. Upasuaji huo hutibu mguu kuliko kiuno. Mwenye maumivu ya kiuno pekee asiutarajie umsaidie.

Katika kupona, maumivu kwa kawaida ndiyo hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, na ganzi huwa ya mwisho, pengine baada ya miezi mingi. Kipande cha ganzi kilichobaki kwenye kidole kidogo, huku ukinyanyua kisigino mara kumi bila taabu, hakikuzuii kurudi kazini.